Mikunjo ya Koti la Harusi

Tarehe 3, mwezi wa sita

Mume wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila vidole vimekuwa vya kijani na sabuni imekata tamaa. Kabla hujapindua kabati lote, acha: koti lako la harusi ninalo mimi. Nililikunja chini ya shali siku niliyoondoka, kwa sababu ningekuomba ungesema hapana, na hapana yako naijua, haina mlango wa nyuma.

Sababu ni hii. Picha tuliyopewa kuchora hapa karakanani ni ya yule daktari marehemu aliyejenga hospitali ya mji huu. Itatundikwa ukumbini, nayo ni ndefu kuliko mlango wetu. Marehemu hakuacha koti. Ameacha uso tu, kwenye kipande cha karatasi alichochorwa kwa penseli zamani, kabla hizi mashine za kupigia picha hazijafika na kumharibia usingizi Bwana Mkubwa, mwalimu wetu wa uchoraji. Kwa hiyo mwili tunautunga sisi. Koti lako ndilo koti pekee duniani ninalojua linavyoanguka begani, maana nilikaa nikikutazama ukilishona tukiwa wachumba. Tumelivisha lile sanamu la mbao la kutundikia nguo, nami nimechora tangu kola hadi pindo. Bwana Mkubwa alipita nyuma yangu, akaguna, akaenda zake. Kwake hiyo ni hotuba.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Karakana hii ina kanuni yake ya siku nyingi: wanafunzi wanachora nguo, viti na mapazia, anayechora uso ndiye anayetia jina. Uso siku zote ni wa Bwana Mkubwa. Jana, mbele ya wanaume wote wanaosaga rangi, amesema uso wa daktari ni wangu. Hakuna mwanamke aliyewahi kupewa uso hapa. Nilikwenda kujificha stoo nikalia, kisha nikarudi nikasingizia tapentaini imeniingia machoni.

Kwa hiyo naomba univumilie, sitarudi siku tuliyokubaliana. Wazee wa hospitali watakuja kuichukua picha Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba. Nakutumia mchoro mdogo wa koti ulione. Mwambie Chiriku anichoree nyumba yetu niitundike hapa. Bado anaongea mpaka usingizini?

Mkeo,
Mama Chiriku


Tarehe 9, mwezi wa sita

Mama Chiriku,

Koti nimelitafuta mpaka kwenye pipa la unga. Nilikuwa nimeshamshuku mteja wangu mmoja na nikaacha kumsalimia. Sasa itabidi nianze kumsalimia tena bila kumweleza kitu.

Hongera kwa huo uso. Sisi mafundi hatutii jina kwenye koti, anayelivaa ndiye anayesifiwa, kwa hiyo siwezi kujifanya najua utamu wake. Lakini nimefurahi, na majirani wote nimewaambia, hata wasiouliza.

Mchoro nimeubandika juu ya cherehani. Umeweza, nasema kweli. Naona hata pale kwenye kola niliposhona mara mbili. Ila nina swali la kifundi tu, usilichukulie vibaya. Hilo sanamu lenu linakunja kiwiko? Maana mkono wa kulia una mikunjo mitatu ndani ya kiwiko, nami mikunjo hiyo naijua, haiji kwa nguo kutundikwa. Inakuja kwa mtu aliyekaa akangoja.

Kazi imenizidi. Nimepewa sare za watu wa reli wote, tangu mkata tiketi hadi mfagiaji. Mtoto mzima, anakula, analala kitandani pake. Mchoro wake huu hapa, umeuomba umeupata.

Nijibu la kiwiko.

Fundi


Tarehe 10, mwezi wa sita

Mdogo wangu,

Mgeni wako hajambo. Kile kifungo alichomeza kwenye meza yako ya kukatia kimetoka salama, nimekiosha na nimekuwekea. Ukikihitaji kwa sare za watu wa reli, siwezi kukuzuia.

Ulifanya vizuri kuniletea mtoto. Nyumba ya fundi ina sindano, mkasi, pasi ya mkaa, na baba asiyeinua kichwa. Hapana, huko si mahali pa kumwacha mtoto wa miaka sita peke yake. Hapa kwangu analala ghorofani, chumba cha dirisha, na anapanda na kushuka ngazi mchana kutwa kama anazimiliki. Tangu marehemu shemeji yako aniache nilikuwa sijasikia mguu wa mtu juu ya kichwa changu. Hata akikaa mwaka, ghorofa yangu haitalalamika.

Je, mama yake umemwambia? Najua hujamwambia. Unaona haya kusema umeshindwa.

Na hilo la koti uliloniandikia, mimi simsemi mkeo vibaya. Nasema tu kwamba mwanamke akisafiri, hubeba nguo zake. Akibeba za mume, ama anampenda sana ama kuna mtu wa kuzivaa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nimenyamaza.

Dada yako


Tarehe 14, mwezi wa sita

Baba Chiriku,

Sanamu letu lina viungo. Linakunja kiwiko, goti na hata kiuno ukiligombeza. Umeridhika? Nimechora koti zima, tangu uzi hadi kivuli, na wewe katika yote umeona kiwiko.

Sasa na mimi nina swali la kichoraji tu, usilichukulie vibaya. Mchoro wa Chiriku nimeutundika ukutani na nimeutazama mpaka macho yameuma. Nyumba yetu ina chumba cha mbele, chumba cha nyuma na uwanja. Haina ngazi. Nyumba aliyoichora ina ngazi, na kila kidato amekipa mstari wake, hakuruka hata kimoja. Juu kuna dirisha, na dirishani kuna mtu mdogo peke yake. Mtoto wa umri ule hachori alichosimuliwa, anachora alichokanyaga.

Ninayemjua mwenye ghorofa ni mmoja tu, naye ni dada yako.

Umeniandikia analala kitandani pake. Kitanda gani? Kiko wapi? Kuna nini kimetokea ambacho sitakiwi kukijua? Njia ya mwongo ni fupi, Baba Chiriku, na hii yako ina vidato.

Wenzangu wananiuliza kwa nini natazama ukuta badala ya turubai. Nawaambia natafuta rangi ya ngozi.

Mkeo


Tarehe 19, mwezi wa sita

Mama Chiriku,

Mtoto yupo na ana afya, na watoto huchora ngazi hata mbinguni. Usinihamishe kwenye swali langu.

Nimeutazama mchoro wako upya, na safari hii niliuwekea taa. Sanamu la mbao halipumui. Kifungo cha tatu kimevutwa pande zote mbili, maana yake ndani kuna tumbo. Kwapa la kushoto limetanuka kuliko la kulia, maana yake mwenye mkono huo anautumia zaidi. Mimi ni mwembamba na natumia kulia. Kwa hiyo aliyevaa koti langu la harusi ni mwanamume mnene wa mkono wa kushoto, amekaa mbele yako siku nyingi, na ameketi kwa raha zake, maana mtu mwenye wasiwasi hakunji nguo hivyo. Kazi hii nimeifanya tangu utotoni. Nguo hainifichi kitu.

Na liko lingine ambalo si la kifundi. Bega lile umelichora kwa upole. Umemtazama mtu huyo kwa makini kuliko ulivyowahi kunitazama mimi tangu tuoane. Nimeona na nimeumia, nakuambia wazi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na nguo yenyewe nimeishona kwa mkono wangu.

Rudi na koti kabla ya hiyo Jumamosi yako. Usiporudi, usije ukashangaa mtoto akilelewa na watu walio na nafasi ya kumtazama.

Fundi


Tarehe 22, mwezi wa sita

Wifi yangu,

Salamu zako. Najua hunipendi sana, na wewe unajua kwamba najua, kwa hiyo tusipoteze wino.

Mwanangu yuko kwako? Anaumwa? Nimemwuliza mdogo wako ananijibu habari za vifungo. Nakuomba kama mwanamke kwa mwanamke, unijibu kwa kweli, hata kama kweli hiyo itakufurahisha wewe na kuniumiza mimi.

Na ikiwa yuko hapo, niambie anafanya nini mchana kutwa.

Wifi yako


Tarehe 22, mwezi wa sita

Baba Chiriku,

Koti hili hapa, limenitangulia mimi. Kazi yake kwangu imekwisha, kilichobaki ni uso.

Nilikudanganya. Sanamu la mbao lilisimama kama limepigwa na baridi, koti likaning'inia kama limefiwa. Nikamvisha bawabu wetu. Ni mzee mwenye wajukuu, mnene, anatumia kushoto, na anakoroma akiwa amekaa wima. Hiyo ndiyo raha uliyoiona kiwikoni: usingizi. Sikukuambia kwa sababu nakumbuka nilipomchora muuza maziwa ulivyonuna, tukanywa chai ya rangi hadi ukasahau.

Upole wa begani usimpe mzee wa watu. Nilipokuwa nikichora bega lile sikuwa nikimwona yeye.

Ukitaka kuamini amini, usipotaka chunguza koti. Lilimbana, nikalifumua na kulishona tena mwenyewe. Usicheke.

Bado hujaniambia kuhusu ngazi.

Mama Chiriku


Tarehe 26, mwezi wa sita

Wifi,

Sikutumwa nikuambie na sikutumwa nikufiche, kwa hiyo nitasema. Yuko kwangu tangu mwanzo wa mwezi. Alimeza kifungo, baba yake akaingiwa na hofu kuliko mtoto, akamleta. Kifungo kilitoka. Haumwi.

Sasa umeniuliza anafanya nini. Anachora. Nimemwekea karatasi za kufungia sukari, anazimaliza. Juzi alikuchora wewe. Nikaona mwanamke amesimama, nywele zimefungwa kisogoni, mbele yake kuna mraba mkubwa. Nikamwambia, "Chiriku, umesahau uso wa mama." Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. Akasema, "Shangazi, mama hana uso akichora. Ana mgongo."

Akachora tena jana na leo. Mgongo kila mara. Hata fundo la aproni amelipatia.

Wifi, nilikuwa nimejiandaa kufurahi siku utakapoumia, sikufichi. Imekuja siku yenyewe na sikuona utamu wowote. Ile karatasi ya kwanza nakutumia.

Wifi yako


Tarehe 27, mwezi wa sita

Mke wangu,

Umeniambia nisicheke. Nimecheka mpaka wateja wakaingia kuuliza.

Hii si mishono, Mama Chiriku, huku kapita kuku akitafuta mtama. Kwapa umeliunga nje ndani, na uzi una rangi ya kijani. Nimeketi na koti mapajani nikawaza kama mtu mzima: mwanamke anayemlegezea mpenzi wake koti humpeleka kwa fundi, apendeze. Hashoni hivi. Hivi hushonewa mtu anayesinzia. Nimelifumua na kulirudisha kipimo changu, na katika bitana nimekuta unywele wako mmoja mrefu, nimeuacha humohumo.

Sasa na mimi. Ngazi ni za dada. Mtoto alimeza kifungo nikiwa nimeinamia suruali ya mkata tiketi. Sikumwona, nilisikia tu amenyamaza, na Chiriku akinyamaza kuna jambo. Nikampeleka kwa dada, na nikakuficha, kwa sababu nilitaka wewe uliye huko kwenye mambo makubwa uamini kwamba nyumba ndogo naiweza. Nikakushuku wewe ili nisipate nafasi ya kujishuku.

Ijumaa alfajiri namchukua kwa dada, tunapanda treni. Jumamosi tuko mlangoni kwenu, tuuone huo uso na jina. Wewe chora. Usitoke hapo.

Mumeo


Alhamisi, tarehe 29, mwezi wa sita

Bwana Mkubwa,

Uso nauacha.

Nimefika asubuhi, nimefunga aproni, nimechanganya rangi ya paji la uso, ikaja barua. Tangu unipe kazi hii nimeurudiarudia uso wa daktari kwa penseli hadi naujua kuliko wa mwanangu. Na mwanangu, leo nimepata habari, wangu haujui kabisa. Nikipanda treni ya mchana nitamfikia kesho.

Kama wazee wa hospitali wanaweza kungoja hadi Jumatano, nitarudi niumalize. Naomba uwaombe. Kama hawawezi, basi brashi ndogo nimeziosha na rangi ya paji la uso nimeifunika kwa kitambaa chenye maji. Ni nzuri. Itumie.

Sitasema sijali. Najali, ila leo hata ningebaki nisingechora.

Mwanafunzi wako


Jumamosi, tarehe 1, mwezi wa saba

Kwa Mama Chiriku, nyumbani kwa wifi yake

Binti yangu,

Bawabu hapa. Nisamehe mwandiko, natumia mkono wa kushoto, na mumeo anasema yeye hilo alishalijua.

Usiondoke hapo ulipo kwenda kwingine kuwatafuta. Wako huku. Mmepishana njiani, wewe ukishuka na wao wakipanda. Barua ya mumeo ilifika jana, iko kwenye rafu yako na haijafunguliwa. Niliitazama tu nikaumia bila kujua ina nini.

Wazee wa hospitali walikataa kungoja, wameshawaalika watu. Jana Bwana Mkubwa akaingia, akafunga mlango, kufikia chakula cha mchana uso ukawa umekwisha. Ameuchora vizuri, siwezi kusema uongo. Akatia jina lake, chini kulia, kama kawaida.

Leo asubuhi akaja mtu mwembamba na mtoto na furushi la nguo. Akaniangalia tumboni. Akasema, "Ni wewe?" Nikasema inategemea. Akatoa utepe shingoni, akanipima mabega kabla hata ya salamu. Kisha akanivisha koti, halikufunga, akaniambia kaa. Nikakaa. Akaniinamia kiwiko, akakitazama, akacheka hadi akashika ukuta, ndipo akanisalimia na kuniita mzee wangu.

Nikawaingiza. Picha ilikuwa bado ipo. Alisimama mbele ya lile koti akitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia habari zake mwenyewe. Kisha akainama pembeni kusoma jina. Akanigeukia. "La mke wangu liko wapi?" Nikamweleza kanuni ya uso. Akauliza, "Alikuwa auchore lini?" Nikasema Alhamisi, alishafunga aproni, ikaja barua kutoka kwa wifi yake, ndani kuna mchoro wa mtoto, akaivua aproni. Baada ya hapo hakucheka tena.

Mtoto yeye alikuwa amezunguka nyuma ya turubai kukutafuta.

Mumeo ameomba nimwachie nafasi chini. Treni ya jioni itakuletea.

Bawabu


Mke wangu,

Mkokoteni umekuja umeichukua. Nilitoka nikasimama barabarani mpaka ulipopinda. Koti langu limekwenda kutundikwa ukumbini, kazi ya mkono wako imekwenda nalo, na chini kuna jina la mtu mwingine. Uliponiuliza kuhusu ngazi ningekujibu kwa neno moja tu, leo jina hilo lingekuwa lako. Katika kazi yangu kosa nalifumua nikashona upya. Hili nimelizunguka mchana kutwa, sijaona pa kuanzia kufumua.

Nilimwendea Bwana Mkubwa nikamwambia kosa ni langu. Akaguna. Mzee hapa ananiambia kwake hiyo ni hotuba, lakini sijui imesema nini. Utakuja kumwuliza mwenyewe.

Hatuondoki. Watu wa reli watavaa sare zao za zamani.

Chiriku amekaa mbele ya kigoda chako, upande ule anakokaa mtu wa kuchorwa. Nimempa karatasi nikamwambia, mchore mama, lakini safari hii mchore uso. Amekaa nayo tangu alasiri haijaguswa. Namwuliza kwa nini. Anasema hawezi kuuchora kwa kukumbuka, anangoja uje.

Fundi